Shanga Tu Hizo? Kabla Hujamtukana Yule Mdada, Soma Hapa Kwanza

Mjini kuna kesi mpya, na safari hii sio ya mapenzi wala ya gari la kukodi. Ni kesi ya kidani.

Kwa waliokuwa wamelala, iko hivi. Staa mmoja wa filamu, jina kapuni, alitokelezea kwenye usiku wa tuzo hapa Dar akiwa na gauni jeusi la kawaida kabisa, ila shingoni alikuwa na kidani kipana cha shanga za zambarau. Maua madogo madogo yamezunguka shingo mpaka yanagusa mabega. Gauni hakuna aliyeliongelea. Picha ikapata laiki za kufa mtu, kurasa za umbea zikaibeba, na swali likawa moja tu: kimetoka wapi? Staa kimya. Chini ya picha aliweka emoji ya moto, basi.

Siku chache baadaye akaibuka mdada mmoja, naye jina kapuni, akaposti picha za kidani hicho hicho kikiwa bado kinatungwa. Kipo mezani nusu, pembeni kuna karatasi yenye mchoro wa ua. Akaeleza kwa upole kwamba ile ni kazi ya mikono yake, kwamba staa alipewa bure kwa makubaliano ya kumtaja, na kwamba hajatajwa. Akaongeza kuwa mchoro wake umeshaanza kuonekana kwenye fulana zinazouzwa Kariakoo, na vidani vya kuigiza navyo vimeingia sokoni, bei elfu kumi na tano. Mwishoni akasema amechoka, na huenda akaacha kabisa kuchora na kutunga maua, auze shanga za kawaida kama wengine.

Badala ya kupewa pole, akaoga matusi. "Shanga tu hizo dada, acha kutafuta kiki." "Laki na themanini? Zina dhahabu ndani?" "Ua kaumba Mungu, wewe umeumba nini?" "Shanga za Wamasai hizo, wewe wa Muheza umezitoa wapi?" Na kama kawaida ya mjini, kuna waliogeuza mada ikawa shanga za kiunoni, wakacheka weee mpaka wakasahau walichokuja kusema.

Sasa basi. Kuona kitu ni ghali ni haki ya kila mtu. Hali ngumu, kila mtu anajua mfuko wake. Tatizo ni hilo neno "tu". Wanaosema "shanga tu" wengi hawajajua walichokuwa wanakitazama, na kwa kutojua huko wanamfukuza kazini mtu anayefanya kitu ambacho mjini hapa wanaokiweza ni wa kuhesabu.

ULE UA UNALIJUA?

Tuanze na ua lenyewe. Lile ua la kwenye kidani sio ua la kubuni. Linaitwa Saintpaulia, na kwao ni Usambara, mkoa wa Tanga. Linaota kwenye miamba yenye kivuli ndani ya misitu, hasa sehemu zenye unyevu karibu na vijito. Majani yake ni manene na yana vinyweleo, ukiyagusa unahisi kama unagusa shavu la mtoto.

Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga enzi za ukoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu wa mimea anayeitwa Hermann Wendland akaliandika kitaalamu na kulipa jina la ukoo wa huyo ofisa. Kuanzia hapo ua likaondoka. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani, wakulima wa maua huko wamezalisha aina chungu nzima, za pinki, nyeupe, zenye mikunjo, na kuna vikundi vya watu kazi yao ni kulishindanisha. Wajerumani mpaka kesho wanaliita Usambaraveilchen. Yaani neno Usambara limo ndani ya jina, bibi wa Kijerumani analitamka akiwa anamwagilia chungu chake, wakati mtoto wa Dar mwenye bando la mwezi mzima hajawahi kuliona hata kwenye picha.

Jina la ofisa limo. Jina la milima limo. Majina ya watu wa Usambara waliokuwa wakipita pembeni ya ua hilo kila siku kabla Mjerumani hajafika hayamo popote. Hilo kumbukeni, kwa sababu linarudi kwenye kesi hii.

Na huko kwao hali sio nzuri. Ua lililojaa kwenye vyungu vya dunia nzima, porini limebaki kwenye vipande vichache vya misitu, na baadhi ya aina zake ziko hatarini kwa sababu msitu ukikatwa kivuli kinaondoka, na kivuli kikiondoka lenyewe halidumu. Mtu anayelichora lilivyo, kutoka huko huko linakoota, anaweka kumbukumbu ya kitu ambacho wajukuu huenda wasikikute.

KUMBE ULISHAWAHI KUCHORA HIVI, UMESAHAU TU

Kuna watu wanadhani anachofanya mdada ni kuchora maua ya urembo, kama yale ya kwenye kadi za harusi. Kazi yake inaitwa uchoraji wa kitaalamu wa mimea, na kila aliyepita sekondari ameshaionja. Kumbuka kipindi cha baiolojia. Mwalimu analeta ua, anasema chora. Penseli iwe na ncha kali, mstari mmoja safi, usipake kivuli, uliloliona ndilo uchore na sio unalolifikiria. Ukichora petali nne wakati ua lina tano, maksi zimeondoka. Wengi waliishia hapo wakafurahi kipindi kimeisha. Mdada hakuishia hapo, na hakuna chuo cha sanaa alichopita baada ya kidato cha nne.

Mchoro wa namna hii una masharti yake. Mchoraji anapima kila kitu: urefu wa jani, upana wa ua, kikonyo kimeshikaje shina. Anaonyesha jani kwa mbele na kwa nyuma, ua likiwa zima na likiwa limepasuliwa, tunda, mbegu, na pembeni anaweka kipimo ili anayetazama ajue ukubwa halisi. Akikosea, mtu wa sayansi anaweza kuchanganya mmea mmoja na mwingine.

Utasikia mtu anasema, si simu zina kamera? Kamera inapiga mmea mmoja, siku moja, kwenye mwanga mmoja. Kama jani limeliwa na mdudu, picha inatoka na jani lililoliwa. Kama leo kuna ua na tunda litatoka baada ya miezi, kwenye picha ya leo tunda halimo. Mchoraji anaweka ua na tunda kwenye karatasi moja, anachagua jani linalowakilisha mengine, anakuza kile kisichoonekana kwa macho ya haraka. Ndiyo maana mpaka leo, na teknolojia yote hii, vitabu vya wataalamu wa mimea bado vinachorwa kwa mkono.

Mfano mkubwa ni ule mradi wa kuandika mimea yote ya Kenya, Tanzania na Uganda. Vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1952 na vikakamilika mwaka 2012. Miaka 60! Ndani yake kuna mimea zaidi ya aina 12,000, na michoro ya wino ya kutosha. Ila mradi huo uliongozwa na bustani ya Kew, London. Na ukiuliza mchoraji maarufu wa maua ya Afrika Mashariki, wanaojua watakutajia Joy Adamson, yule mwanamama aliyetokea Austria akahamia Kenya, wengi wanamjua kwa habari za simba wake Elsa. Kabla ya simba alikuwa anachora mimea, mamia ya michoro, na mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu na chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza. Kazi zake ziko Makumbusho ya Taifa, Nairobi, zinatunzwa vizuri, na anastahili, maana alichora kweli.

Lakini hebu jiulize. Mgeni akichora ua letu anapewa nishani na anawekwa makumbusho. Binti wa Muheza akichora ua la kwao, anaambiwa anatafuta kiki. Hapo pana kitu hakijakaa sawa, na sio kwa wageni, ni kwetu wenyewe.

VISHANGA VIWILI VYA NJANO

Sasa tuje kwenye kidani, maana hapa ndipo pana utamu.

Ukivuta ile picha ya staa uangalie kwa karibu, kila ua kwenye kidani lina petali tano, ila hazilingani. Mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Na katikati ya kila ua kuna vishanga viwili vya njano. Viwili, sio kimoja wala vitatu. Kuna mtu aliandika kwenye komenti eti fundi aliishiwa shanga ndiyo maana za juu kawa kazibana.

Hakuishiwa. Saintpaulia ndivyo lilivyo. Petali za juu mbili ndogo, za chini tatu kubwa, na katikati vifuko viwili vya chavua, rangi ya njano. Mdada alilikalia ua siku nzima na penseli kabla hajashika sindano. Ule mchoro wa mezani ndio ramani ya kidani. Kila petali aliihesabia safu za shanga kwenye karatasi ya vyumba vyumba, akapanga zambarau za aina tatu kutoka iliyokolea kwenda iliyopauka, na akachagua kijani chenye ukungu kwa ajili ya majani yale ya vinyweleo.

Chukua sasa cha Kariakoo cha elfu kumi na tano. Petali tano zote sawa, katikati kuna shanga moja kubwa ya njano kama kitufe. Ni kizuri, avae anayetaka, lakini sio Saintpaulia. Ni ua lolote. Aliyeiga aliona rangi, hakuona ua, kwa sababu aliiga kutoka kwenye picha ya simu na hajawahi kusimama mbele ya mmea wenyewe.

Hapo ndipo bei inapotengana. Hakuna anayebisha kwamba shanga ni zile zile, huenda hata zimetoka duka moja. Anachouza mdada ni jicho lililokaa kwenye ua mpaka likajua kwamba vya njano ni viwili. Mtu akishayaona hayo mawili, hawezi tena kusema ni vitu sawa.

HESABU YENYEWE HII HAPA

Wanaolalamikia laki na themanini wapewe mchanganuo, tena mdada mwenyewe aliuweka baada ya kuzidiwa na komenti.

Shanga, uzi, sindano, vifungio na rangi za maji za kuchorea: elfu arobaini na tano. Kuchora ua na kupanga ramani ya shanga: siku tatu. Kutunga: siku sita. Zile shanga ni ndogo, kama milimita mbili kila moja, na zinaingia kwenye sindano moja moja. Ukikosea safu moja ukaja kugundua baada ya safu kumi, unafumua zote kumi. Hapo mgongo, macho, na umeme ukikatika usiku ndiyo imetoka.

Toa elfu arobaini na tano kwenye laki na themanini, inabaki laki na thelathini na tano. Gawa kwa siku tisa. Elfu kumi na tano kwa siku. Toa nauli ya kwenda kufuata shanga, toa msosi, toa chumba. Na hapo anawalipa kina mama wawili wa jirani wanaomsaidia kutunga majani, ambao wamejifunza kwake na sasa ada ya shule ya watoto wao inategemea oda zake. Halafu mtu aliyenunua wigi la laki tatu bila kuomba punguzo anaandika "zina dhahabu ndani?"

Tena kwenye nguo mjini watu wanajua kabisa. Fundi cherehani akitaja bei ya gauni la kitchen pati, mtu analia kidogo, analipa, kwa sababu anajua kuna ufundi. Kinyozi mzuri ana bei yake, na foleni iko pale pale. Kwenye shanga watu wanakuwa wagumu, na sababu ni kwamba shanga zimezoeleka. Bibi alikuwa nazo, Coco Beach wanapitisha, Slipway zipo, stendi zipo. Kitu kikizoeleka kinaonekana cha bure.

Historia inacheka hapo. Karne ya kumi na tisa misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji, shanga ndizo zilikuwa pesa, pamoja na nguo na waya. Kila sehemu ya bara ilikuwa na rangi yake inayotakiwa. Zile nyekundu zilizoitwa samisami zilikuwa na soko hasa. Ukikosea ukabeba rangi ambayo huko uendako haipendwi, umebeba mawe, chakula hupati. Kwa hiyo wazee waliotutangulia walikuwa wanajua kutofautisha shanga na shanga. Hili la "shanga tu" limekuja juzi juzi.

"SHANGA NI ZA WAMASAI"

Hii komenti ijibiwe kwa heshima, maana ina kitu ndani yake.

Ni kweli kwamba ukisema shanga Tanzania na Kenya, wa kwanza kuja kichwani ni Mmasai. Kina mama wa Kimasai wamefanya shanga kuwa lugha: rangi zina maana, mpangilio una maana, na anayejua akimtazama mvaaji anaelewa ni nani na yuko rika gani. Na ni kweli pia kwamba Wamasai wamekuwa wakilalamika kwamba makampuni ya nje yanatumia jina na urembo wao kujitajirisha bila kuwapa kitu. Malalamiko hayo ni ya haki kabisa.

Lakini shanga zenyewe za kioo hazikuchimbwa Longido. Zilikuja kwa majahazi na meli, nyingi zilitengenezwa Venice, Italia, na mpaka leo zile nzuri zinazopendwa na watungaji wengi zinatoka Jamhuri ya Cheki. Kitu ambacho ni cha Wamasai ni walichokifanya kwa shanga hizo: ile mipangilio yao, zile duara bapa za shingoni, ile maana. Mtu akichukua hiyo akaiuza kama yake, amewakosea.

Mdada hakuchukua hiyo. Alichukua kioo kile kile cha sokoni akaandika kitu kingine, ua la kwao. Kalamu wote tunanunua dukani. Na hata hivyo, kama watu wanaona vibaya Mmasai kuibiwa ubunifu wake, na ni vibaya kweli, basi wamuonee uchungu huo huo na binti wa Muheza. Huwezi kulia kwa ajili ya mmoja halafu ukamcheka mwingine wiki hiyo hiyo.

STAA, MUUZA FULANA NA SHERIA

Tuseme ukweli bila kumuonea mtu. Watu watatu wamemkosea huyu mdada, na makosa yao hayalingani.

Wa kwanza ni muuza fulana. Huyu hana pa kujificha. Amechukua mchoro wenyewe, ule ule, hadi kovu dogo lililopo kwenye jani la kushoto, akauchapa kwenye fulana na kuuza. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kwa ajili ya mambo hayo hayo. Mchoro unalindwa tangu unapochorwa. Ukiusajili unajirahisishia kazi ya kuthibitisha ni wako. Kwa hiyo yule aliyeandika "ua kaumba Mungu" yuko sahihi nusu. Ua ni la Mungu, na mtu yeyote anaruhusiwa kupanda basi mpaka Muheza, akatafuta usafiri wa Amani, akakaa mbele ya ua akachora la kwake. Akichukua lililochorwa na mwenzake, hapo hajachukua ua la Mungu, amechukua siku tatu za mtu.

Wa pili ni mtengeneza vidani vya elfu kumi na tano. Huyu kesi yake ni nyepesi zaidi. Wazo la kutunga ua la zambarau kwa shanga halina mwenyewe kisheria, na yeye naye anatafuta ugali. Ila kuna siku wateja watajua tofauti, na hiyo siku inategemea wanaosoma habari kama hizi. Akitaka kudumu aende akatafute ua lake. Nchi hii ina maua mangapi? Usambara peke yake angechora mpaka azeeke.

Wa tatu ni staa, na huyu ndiye anayeuma zaidi. Sheria sio ishu hapa, ishu ni ahadi. Alipewa kidani cha laki na themanini kwa malipo ya kumtagi mtu. Kazi ya sekunde kumi. Watu wamemtetea, eti mtu wa mavazi wake ndiye aliyechukua kidani na yeye hakujua. Sawa, inawezekana. Lakini tangu mdada aposti, kila kona inajua. Kubadilisha maandishi chini ya picha bado kunawezekana, hata usiku huu. Tena staa mwenyewe ameshawahi kulalamika hadharani pale filamu zake zilipokuwa zinauzwa kwenye flashi mtaani, elfu moja, elfu mbili, bila yeye kupata kitu. Alilia, na mashabiki walilia naye. Kilio kile kile sasa kiko kwa mwenzake, na yeye ndiye anayetakiwa kukijibu.

Hapa ndipo ile habari ya Mjerumani inaporudi. Mwaka 1893 ua la Usambara liliandikwa duniani kwa jina la mtu aliyelisafirisha, na waliokuwa nalo hawakutajwa. Wakati ule tulikuwa chini ya mkoloni, hatukuulizwa. Leo ua lile lile linazunguka tena mitandaoni, na linazunguka kwa jina la aliyelivaa. Safari hii hakuna mkoloni wa kumsingizia.

MDADA NAYE ASIKIE

Ili isionekane mapenzi ya upande mmoja, naye mdada ana ya kuambiwa.

Kwanza, aache ile tabia ya "bei njoo inboksi". Bei ikifichwa watu wanahisi wanapangiwa kulingana na simu wanayotumia. Aweke bei, aweke na siku zinazotumika, hadharani. Ule mchanganuo alioutoa baada ya kutukanwa ungekuwepo tangu mwanzo, nusu ya matusi yasingekuja.

Pili, kidani kinatoka kwake kikiwa kitupu. Hakuna kadi, hakuna jina la ua, hakuna hata alama yake kwenye kifungio. Mnunuzi atajuaje kwamba amevaa Saintpaulia ya Amani? Kipande kidogo cha karatasi chenye mchoro, jina la mmea, linakoota na jina la aliyetunga kingetosha. Hicho ndicho muuza vya elfu kumi na tano hawezi kukiiga, kwa sababu hajui aandike nini.

Tatu, makubaliano na mastaa yaandikwe. Hata kwa meseji ya WhatsApp, iwepo: nakupa hiki, utanitaja tarehe fulani, usiponitaja utalipa kiasi fulani. Aibu ya kuomba maandishi ni ndogo kuliko aibu ya kuja kulia mitandaoni na bado ukaambiwa unatafuta kiki.

Nne, na hii ndiyo muhimu, asiache. Akiacha, wale kina mama wawili wanarudi nyumbani, mchoro unabaki kwenye fulana za watu, na mjini panabaki maua yenye kitufe kimoja cha njano katikati. Baada ya miaka kadhaa mtoto ataambiwa hilo ndilo ua la Usambara, na hatakuwepo wa kumsahihisha.

KWA WADAU WOTE

Hakuna anayelazimishwa kununua. Laki na themanini ni hela, kwa wengine ni kodi ya miezi kadhaa. Lakini kukosa hela ya kununua kitu hakuhitaji kuambatana na tusi. Unaweza kukipenda, ukaposti picha yake, ukataja mwenyewe, na hujatoa hata mia. Kwa mtu wa kazi za mikono, kutajwa kwako kunaweza kuwa ndiyo oda ya wiki ijayo.

Na ukipita mahali ukaona kidani cha zambarau, kabla hujauliza bei hesabu vishanga vya njano.

Wewe unaonaje? Staa amtaje au ameshachelewa? Na kina dada wa kazi za mikono, mmewahi kufanyiwa hivi? Tupia komenti hapo chini. Mada ya shanga za kiunoni ina siku yake, leo tuiache.